Mbwa Ndani ya Kapu la Bibi Harusi

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA KOROGWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwaija Mbaruku
Umri: Miaka 47
Kabila: Mzigua
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkulima wa mahindi na mihogo
Makazi: Kata ya Mpale, Wilaya ya Korogwe
Yanahusu: Tuhuma ya wizi wa mbwa jike mmoja, jina Rani, mali ya Bhavna (Mama Vidhi), mwenye duka la vitambaa, Korogwe mjini
Tarehe: 23/08/2024, kuanzia saa 2:40 asubuhi
Mwandishi: Koplo Joyceline

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa, nikasema sawa, kwa sababu jambo lenyewe lilivyo halina haja ya kuongezewa chumvi. Nimekuja kwa hiari yangu kumsemea mdogo wangu Faraji, fundi seremala wa Handeni, ambaye amelala mahabusu ya kituo hiki tangu jana jioni kwa tuhuma ya kuiba mbwa. Leo baada ya swala ya Ijumaa anatakiwa kuoa huko Handeni. Bwana harusi ni yeye, hatuna mwingine wa akiba. Mama yetu alifariki Faraji akiwa bado anabebwa mgongoni, nikamlea mimi, kwa hiyo namwomba afande aandike upesi.

Mnamo tarehe 21/08/2024, siku ya Jumatano, niliondoka Mpale asubuhi kwa gari la kukodi aina ya Noah, kupeleka kapu la bibi harusi. Katika ukoo wetu, siku chache kabla ya ndoa upande wa mume hupeleka kapu lenye kanga, vitenge, viatu, mafuta, udi na vitu vingine vya kike ambavyo afande mwenyewe anavijua. Kapu likishafungwa kwa mume halifunguliwi njiani. Hufunguliwa na shangazi wa bibi harusi mbele ya wanawake, kitu kimoja kimoja, na kila kitu na vigelegele vyake. Likifunguliwa njiani, wazee wanasema mambo ya nyumba hiyo yatakuwa yanajulikana na majirani kabla ya wenyewe. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tunavyofanya.

Kapu lenyewe ni la ukindu, kubwa, mtoto wa miaka mitatu anaingia akikunja miguu. Juu tulilifunika kwa kanga na kuzungushia kamba.

Yapata saa tano asubuhi tulisimama Segera kumsubiri shangazi yetu Swaumu aliyekuwa anatoka Tanga. Dereva alishusha mizigo yote ili aipange upya, maana shangazi Swaumu hasafiri na mzigo mmoja. Kapu likawekwa chini, kwenye kivuli cha gari. Shangazi alipofika alikuwa na chupa ya manukato, akasema lazima iingie kapuni. Nikamwambia kapu limeshafungwa. Akasema, "Kulegeza kona siyo kufungua, Mwaija. Ingiza mkono, usiangalie." Nikalegeza kona moja, nikaingiza mkono, sikuangalia. Halafu nikakimbilia kwenye machungwa, kwa sababu shangazi akiachiwa achague peke yake hununua mabichi. Kona ile sikuirudishia kamba. Afande ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika, aliyeiacha wazi ni mimi.

Jirani na sisi lilisimama gari dogo jeupe. Niliona mama mmoja wa Kihindi na bwana wake nao wananunua machungwa. Mbwa sikumwona. Sasa nimeshamfahamu najua kwa nini: kimo chake hakifiki hata kwenye goti langu. Urefu wake wote umekwenda kwenye mgongo.

Tukaondoka. Tulipokata kona ya Mkata kuelekea Handeni nikasikia mtu anakoroma. Shangazi Swaumu alikuwa amesinzia, nikajua ni yeye. Baadaye shangazi akaamka, akala chungwa, na mkoromo ukaendelea. Nikamwambia, "Shangazi, kapu linakoroma." Akanitazama, akalitazama kapu. Dereva akataka kusimama aone kuna nini. Shangazi akamkatalia: "Kapu la watu halifunguliwi njiani. Wewe endesha gari." Nikalipapasa kwa nje, lilikuwa na joto. Shangazi akaanza kusoma dua, midomo tu inacheza, nami nikasoma ninazozijua. Mwingine angefungua pale pale barabarani na leo nisingekuwa hapa. Sisi tulishikilia mila mpaka Handeni.

Tulifika nyumbani kwa wazazi wa Hafsa, ndiye bibi harusi, kama saa nane mchana. Sebule ilikuwa imejaa wanawake. Kapu likawekwa katikati ya mkeka. Shangazi yake Hafsa akaifungua kamba, akavuta kanga, na vigelegele vikaanza kabla hajatoa kitu.

Kikatoka kichwa. Masikio yamelala, pua ndefu, nywele za shingoni zimejikunja. Ikafuata miguu ya mbele, mifupi. Kikafuata kiwiliwili, kikaendelea kutoka, kikaendelea, nikadhani hakina mwisho. Mbwa akasimama juu ya mkeka, akapiga miayo, halafu akabweka mara moja kwa sauti ya mbwa wa kulinda ghala. Vigelegele vikageuka mayowe. Kuna mama mmoja mnene nilimwona anatokea dirishani, na mpaka leo sijui alipenyaje.

Mama yake Hafsa akaniuliza, "Mwaija, mmetuletea mbwa?" Hakupaza sauti. Heri angepaza. Sisi kwa dini yetu mate ya mbwa ni najisi, nguo iliyopatwa inaoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Kumpelekea mkweo mbwa ndani ya kapu la mwanawe ni tusi ambalo hata mtu mgomvi hajapata kulibuni. Wanawake wengine walikuwa tayari wanajitanda waondoke. Niliiona ndoa ya mdogo wangu inavunjika mbele ya macho yangu. Shangazi Swaumu akaanza tena kusoma dua.

Aliyetuokoa ni Hafsa mwenyewe. Bibi harusi hatakiwi kutoka chumbani, lakini alisikia mayowe akatoka, mtandio kichwani. Akamkuta mbwa amerudi kukaa juu ya kitenge chake kipya na anatutazama sisi kama wageni wake. Hafsa akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yake akajikaza, akajikaza, mwisho akashindwa, na akishacheka yeye kila mtu alicheka.

Kisha Hafsa akaona mbwa ana mkanda mwekundu shingoni. Akaacha kucheka. Akasema, "Huyu ana kwao. Kuna mtu analia saa hizi. Mwambieni Faraji amrudishe kabla ya ndoa. Mimi sianzi nyumba na kilio cha mtu." Hapo ndipo nilipompenda wifi yangu, na naomba liandikwe.

Nguo tulizifua mara saba, uzio mzima ukajaa kanga. Mbwa tulimpa ugali na dagaa. Ugali akaumaliza, dagaa akawanusa akawaacha. Shangazi Swaumu akasema mbwa huyu amelelewa na watu wasiokula nyama wala samaki, na mimi nikalikumbuka lile gari jeupe la Segera. Usiku tulimfunga uani. Asubuhi tukamkuta amechimba chini ya uzio, kichwa kwa jirani, makalio kwetu, na anabweka pande zote mbili. Ukimwita haji. Ukikaa kimya ukajifanya humtaki, anakuja kukulalia miguuni. Ni mkaidi na ana mapenzi, vyote kwa pamoja.

Mnamo tarehe 22/08/2024, siku ya Alhamisi, alasiri, Faraji aliazima pikipiki ya jirani ampeleke mbwa Segera akaulizie wenyewe. Hapa afande anielewe vizuri. Faraji anaogopa mbwa tangu utoto, na alikuwa hataki kupatwa na mate wakati kesho yake anaoa. Kwa hiyo alivaa soksi mikononi. Akamtia mbwa kwenye mfuko wa sandarusi, kichwa nje, chini amemwekea mto wake mwenyewe wa kulalia ili mgongo ule mrefu usiumie na mashimo ya njia. Wakaondoka. Mbwa alilalamika kwa sauti tangu getini, na tuliendelea kumsikia hata pikipiki ilipokwisha kupotea.

Yaliyotokea Segera sikuyaona, aliniambia Faraji kwa simu jana jioni. Vijana wa pale walikuwa na picha ya mbwa huyo kwenye simu zao tangu Jumatano, wametumiwa na wenyewe. Wakamwona mwanaume amevaa soksi mikononi, na mbwa wa watu yuko kwenye mfuko anapiga kelele. Hawakuuliza. Ningekuwa mimi nisingeuliza pia. Nawashukuru kwamba hawakumpiga, walimleta moja kwa moja hapa kituoni.

Nililia usiku kucha, silifichi hilo. Nyumbani kwa Hafsa sikumwambia mtu ila Hafsa. Yeye akanijibu, "Wifi, nenda na kapu." Alfajiri nikapanda gari na kapu tupu mapajani.

Nilipofika hapa kituoni nilimweleza afande kama nilivyoeleza sasa. Afande akasema, "Mama, mbwa aingie kapuni mwenyewe, ajifunike, asafiri mpaka Handeni amenyamaza?" Nikamwambia hakunyamaza, alikoroma. Afande akaweka kalamu chini. Nilijua hajaniamini, na saa inakwenda.

Wakati huo huo akaingia yule mama wa Segera, ndiye Mama Vidhi, pamoja na mumewe Mitesh, wamekuja kumchukua mbwa wao, aliyelazwa kituoni kama kielelezo. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu. Nilimsalimia, akaitikia bila kunitazama. Afande alipomweleza habari ya kapu ndipo akanigeukia. Akaniuliza jambo moja tu: "Alikuwa juu ya nguo au chini ya nguo?"

Nikamjibu, "Chini kabisa, mama. Alitokea chini ya vitenge."

Mama Vidhi akakaa kwenye benchi. Akamwambia afande, "Basi hawa hawakuiba." Akaeleza kwamba mama yake Rani ni mbwa wa Kijerumani wa miguu mifupi, wanaitwa dakshundi, alizaliwa kwa watu wa misheni ya Lutindi, na baba yake ni kijibwa cha manyoya cha Tanga. Alisema mbwa wa mchanganyiko huo kazi yao ni kujipenyeza. Asili yao ni ya kuingia mashimoni kufuata wanyama, na kwa kuwa dukani hakuna mashimo, Rani huingia kwenye kapu la nguo za kufua, huku akijivutia nguo mpaka asionekane. Gari likitembea ndiyo usingizi unamwelemea zaidi. Mumewe Mitesh akaongeza kwamba mwaka jana walimtafuta mtaa mzima, kumbe yumo ndani ya robota la mitumba ya mteja.

Afande alichukua kapu langu akaliweka sakafuni mbele ya kaunta, akalitupia kanga juu na kuacha kona moja wazi. Kisha akamfungua mbwa. Rani akapita katikati ya miguu yetu sote, hakumtazama hata Mama Vidhi aliyemlilia siku mbili. Akapenyeza pua, akaingia, akajizungusha, kanga ikatulia. Tulisubiri. Watu waliokuja na kesi zao nao wakasogea waone. Kapu likaanza kukoroma.

Kituo kizima kilicheka. Mama Vidhi alikuwa anacheka na kulia, akanishika mkono. "Dada, unisamehe. Nilisema mwizi kabla sijajua." Nikamwambia asijali, mimi mwenyewe nilikuwa nimesema moyoni ni shetani. Nikasikia mabega yangu yanashuka. Tangu jana jioni nilikuwa sijui kama nimeyapandisha.

Mitesh akauliza, "Ndoa saa ngapi?" Nikamwambia baada ya swala ya Ijumaa. Akatazama ukutani kwenye saa, akatoa ufunguo wa gari mfukoni. "Pikipiki haitawahi. Twendeni wote."

Faraji ametolewa sasa hivi. Shati ni la jana, na mkono mmoja bado una soksi. Ameniambia, "Shikamoo dada," nami nimeitikia marahaba huku nalia. Nimefurahi afande, nimefurahi mno, liandike hivyo hivyo.

Niliyoyaona na niliyoambiwa yameishia hapo. Nimesomewa, ni yangu na ni ya kweli, na kama kuna herufi imekosewa naiachia kituo.

Sahihi ya shahidi: M. Mbaruku

MAELEZO YA MWANDISHI: Shahidi amesomewa maelezo yake akiwa amesimama mlangoni na ameyakubali. Mlalamikaji ameondoa malalamiko mbele yangu kwa hiari yake. Mtuhumiwa Faraji Mbaruku ameachiwa saa 4:10 asubuhi, amekabidhiwa mkanda, viatu, simu na mto mmoja wa kulalia. Mbwa amekabidhiwa kwa mwenyewe. Wote wameondoka kwa gari la mlalamikaji, pikipiki imebaki kituoni. Hakuna aliyesubiri nakala.

NYONGEZA, siku hiyo hiyo, saa 8:25 mchana: Shahidi amepiga simu ya kituo. Maneno yake sikuyasikia vizuri kwa sababu ya vigelegele na mbwa anayebweka. Sikuhitaji kumuuliza arudie. Jalada limefungwa.

Koplo Joyceline