Titani Mu Muguu ya Papa

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Bukavu tunapumua, na maman yako amepona malaria. Unaniuliza kama mwili utaikubali titani, ile chuma yenye dokta anataka kukuwekea mu muguu.

Nilikuwa musichana wakati mvua ilibomoa kaburi ya papa yangu, tukahamisha mifupa. Sanduku ilikuwa imeoza yote, lakini titani yenye dokta walimuwekea mu muguu zamani iliangaza kama ya jana. Kwetu mutu anarudi udongoni na vile tu alizaliwa navyo, basi ndugu yangu mukubwa akataka kuitoa. Mufupa ilikuwa imeota kuzunguka visi, ile misumari ya kushikilia titani. Akavuta kwa nguvu, na mufupa nzima ikainuka, ikamufuata.

Akaiachilia. «Papa, utusamehe.»

Usiogope, Furaha. Mwili hautaikataa. Siku ile, mufupa ya papa ilikatala kuachana na titani; wenye kukataliwa tulikuwa sisi.

Koko wako