Kitu Kimelala, Kinakula Stima ya Nini?

Jumatano, Pumwani. Manyunyu tangu alfajiri.

Kompyuta iko mezani mbele yangu, imefunikwa. Sijaiwasha. Naandika kwa simu kwanza, maana nikiandika vidole vinapata kazi nyingine badala ya kuiwasha.

Nieleze kwa mpangilio. Jumamosi dada yangu Nekesa anaolewa. Baba alijua kwamba baada ya upasuaji wa koo hataweza kusimama mbele ya wageni na kutoa neno la mzazi. Daktari anasema sauti yake huenda ikarudi, na huenda isirudi ile tuliyoizoea. Kwa hiyo Jumatatu jioni Baba aliketi kwenye kochi hili akazungumza na kompyuta yangu, nami nikimrekodi, kana kwamba wakwe wote wameketi ndani yake.

"Wakwe zangu, msije mkasema hamkuambiwa. Huyu binti hajui kunyamaza. Nami nimezoea. Nyumba ikinyamaza, usingizi hauji." Akakohoa sana, kisha akatoa baraka kwa Kibukusu, polepole.

Nilitaka kukata kikohozi kwanza, ndipo nihifadhi. Napenda kazi safi.

Sikuhifadhi.

Jana asubuhi hospitali ilipiga simu, tumlete Baba mapema. Nikafunika kompyuta ikalala kama kawaida yake, programu ikiwa wazi, nikaiacha kwenye soketi kwa kuwa betri yake imechoka. Ufunguo nikamwachia jirani, Mama Asha, atuanulie nguo mvua ikinyesha. Nikamwambia, "Kompyuta usijali, imelala."

Ndilo neno lililoniponza.

Ploti yetu, wapangaji wote, ina mita moja ya umeme. Hapa kuacha kitu kwenye soketi bila kukitumia ni ukosefu wa adabu. Mama Asha akaanua nguo, akaona waya, akauchomoa. Niliporudi, ile taa ndogo inayopepesa kompyuta ikilala ilikuwa imezimika.

"Si ulisema imelala?" alinishangaa. "Kitu kimelala kinakula stima ya nini? Hata mimi nikilala nazima taa, mwanangu." Akacheka. Nikacheka naye. Angejua, angelia.

Leo nimepitia Kariokor kwa fundi wa kompyuta, jamaa mwenye kibanda nyuma ya wauza viatu vya akala. Alinisikiliza huku akipuliza vumbi kutoka kwenye kibodi ya mtu.

"Sista, ukiilaza, kazi yako inabaki kwenye memori, na hiyo memori inataka stima kila saa. Ikikosa, kazi imeenda. Lakini ikihaibaneti, inanakili kila kitu kilichokuwa wazi, inaweka kwenye diski, halafu inajizima kabisa. Hiyo hata ukiifungia kabatini mwezi mzima, ukiiwasha inaendelea ilipoachia."

Nikakumbuka kwamba zamani niliipanga ifanye hivyo yenyewe, betri ikikaribia kwisha. Nilipomwambia hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Betri mzee haibishi hodi. Inakuambia ishirini, ukipepesa jicho ni sifuri. Na diski iko na nafasi?"

Diski nimeijaza video za kwaya.

Kuna jambo jingine. Leo asubuhi Baba, akiwa wodini na bandeji shingoni, aliniandikia kwa simu: "Umeweka?" Nami nikajibu, "Nimeweka, Baba." Akanitumia kidole gumba.

Nikiendelea kuketi hivi, bado naweza kujiambia ipo. Lakini Jumamosi hainingojei.

Nimechomeka waya. Nabonyeza.

*

Skrini ilikaa nyeusi hata nikaanza kuomba. Kisha nikasikia diski ikikwaruza ndani, kama panya kwenye gunia. Yakatokea maandishi madogo: inarejesha.

Programu ikafunguka. Mistari ya sauti ya Baba ilikuwa pale pale, mshale wangu ukiwa juu ya kikohozi, tayari kukata.

Nilihifadhi kabla ya kuvuta pumzi. Nikanakili kwenye simu, nikamtumia Nekesa, nikamtumia na Mama Asha, ambaye ameuliza kupitia dirisha kwa nini namtumia mzee anayekohoa.

Sikukikata kikohozi. Nimesikiliza mara kadhaa, na baada ya kikohozi kuna pumzi anayoivuta kabla ya kuanza baraka. Nikikata kikohozi, nitaikata na pumzi hiyo. Wakwe watakisikia.

Nimemwandikia Baba tena: "Nimeweka." Safari hii ni kweli, ingawa hajui tofauti.

Hajajibu. Kwa kawaida hujibu papo hapo, hata kwa kidole gumba tu. Nimeutazama ujumbe ule, nikaiweka simu chini, nikaichukua tena.

Labda amelala.