Nyundo ya Baba na Magari ya Stuttgart

Rugu, Karagwe,
kwa njia ya Posta ya Bukoba.
14 Machi 1954

Mpendwa ndugu yangu Melkiory,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kikohozi ulichokitaja Desemba kimekwisha? Jibu kwa urefu, maana mama hatosheki na neno moja. Sisi tu wazima. Baba anasumbuliwa na magoti, hasa asubuhi, na sasa anafua chuma akiwa ameketi. Mvua zilianza tarehe tano na maharage yamekwisha kupandwa.

Barua yako juu ya magari ya Porsche ilifika. Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu. Uliwauliza vizuri wazee wa karakana unakojifunza huko Stuttgart. Nimeelewa kwamba magari ya kwanza yaliundwa Austria, kwenye kiwanda cha kupasulia mbao ambako vita iliwasukuma, na kwamba bodi zilikuwa za alumini, zikigongwa kwa mkono juu ya kiunzi cha mbao. Mwaka 1950 walikuwa wamerudi Stuttgart na bodi za chuma. Juzijuzi kioo cha mbele kimeacha kuwa vipande viwili, sasa ni kimoja kilichopinda katikati. Nimeelewa pia kwa nini pua ya gari inainama hivyo: injini iko nyuma.

Niliifupisha kwa ajili ya gazeti letu. Hapo nilikosea, na kosa limekuangukia wewe.

Unajua baba anataka kukabidhi nyundo mwaka huu, ile ya babu iliyoingia nyumbani kama bibi arusi, kwa pombe na ngoma. Hapewi asiye mhunzi, na aliyetajwa ni wewe. Jumapili iliyopita baada ya misa baba mdogo Rwezaura alikuja na gazeti mkononi. Niliandika kwamba bodi hugongwa juu ya mbao. Maneno “kwa nyundo ya chuma” niliyakata ili habari itoshe kwenye safu.

“Kaka, anayegonga juu ya gogo anatengeneza nini?” alimwuliza baba.

“Lubugo.”

“Basi mwanao amevuka bahari kwenda kutengeneza nguo za magome, na mti wake tunao hapa nyuma ya nyumba.”

Watu walicheka, hata mama. Baba hakucheka. Mpiga magome ana heshima yake, lakini nyundo ya wahunzi haishiki. Rwezaura akamtaja mwanawe Protase wa Bugomora. Sitamsingizia Protase; visu vyake vinakata. Ukoo ukapanga kuamua Jumamosi.

Jumamosi nilikwenda na barua yako yenyewe. Nilikiri kosa, nikawasomea.

“Juzi ulipunguza maneno, leo unaongeza,” Rwezaura akasema. “Tushike lipi?”

Lilikuwa swali la haki. Nikamwomba mama lile bakuli la alumini ulilomtumia Krismasi, ulilogonga kutokana na mabaki ya karakana. Analiwekea chumvi. Aliimwaga chumvi kwenye jani la mgomba huku akininung'unikia. Baba akatia maji, akangoja, akayamwaga, akaliinua juani kutafuta tundu. Kisha akampa Protase.

Protase alipitisha kidole gumba ndani muda mrefu. “Limepigwa bila moto,” akasema. “Mimi nikipiga hivi bati linapasuka.”

“Mwanangu,” Rwezaura akamwambia, “nimekuleta hapa unisaidie.”

“Nimeulizwa habari ya bati, baba.”

Basi baba akasema kwamba mbao zinashikilia umbo tu, anayepiga ni chuma, na wewe ni mhunzi. Hakuna aliyepinga. Lakini Rwezaura hakuondoka mikono mitupu. Alisema bibi arusi haolewi na barua. Hilo nalo ni kweli: nyundo hupokewa kwa mikono ya mwenyewe. Wamekubaliana kungoja hadi mwisho wa Agosti. Usipokuwapo, anapewa Protase.

Sasa jambo lenyewe. Aya yako ya mwisho, ile ya kuombwa ubaki huko miaka mitatu zaidi, sikuwasomea. Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka. Hili nimelifanya kwa kusudi, na sitalibeba zaidi ya Agosti. Mafunzo yako yanaisha Julai. Ukija, nipe jina la meli, nitakungoja bandarini Bukoba. Ukibaki, mwandikie baba mwenyewe na utaje sababu. Nitamsomea kila neno mbele ya ukoo, halafu nitamshika mkono twende Bugomora kupeleka nyundo.

Mama anakusalimu na anataka bakuli la pili, la sukari. Dada Natukunda amejifungua mtoto wa kike, Placida, wote wazima. Protase anakusalimu pia, na anauliza unalishikaje bati lisipasuke. Mjibu.

Mungu akulinde njiani, kama utakuwa njiani.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Gozbert