Sabuni za Nzisa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ndunge amejikuna tena hadi damu. Nyuma ya magoti kumepasuka, kunatoa majimaji. Mtoto wa miaka miwili! Nimempigia Nzisa — nani mwingine? Tumesoma pamoja, alinisimamia harusi, na ndiye ananiuzia hizi sabuni za kuua viini tangu mtoto azaliwe. Akasema niongeze. Dawa ya chupa zaidi kwenye maji ya kuoga, nipulizie na shuka. Eti viini vya huku Mbumbuni ni vikaidi, na hili vumbi.

Nimeongeza. Ndunge amelia kwenye beseni mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia vumilia mama, ni dawa.

Jumatano, 5 Machi

Tumelazwa. Asubuhi alikuwa moto, goti limevimba, lina usaha. Mume wangu Musyimi alikuwa Emali na lori, nikambeba peke yangu.

Daktari, msichana mpole, aliuliza namwogesha na nini. Nikamtajia zote, nikijivuna kidogo. Hakunicheka. Alisema ngozi ina vijidudu vyake vizuri vya kuilinda. Nimeviua, nikamaliza na mafuta yake. Ikapasuka, wabaya wakapata mlango. Ile ya chupa ni ya sakafu na choo, si ya mtoto. Sabuni ya kawaida na maji ingetosha.

Ingetosha.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano za kwanza hazikushika. Vipimo vya usaha vimeonyesha viini sugu, wakabadilisha dawa. Nikauliza kama ni sabuni zimevifanya sugu. Daktari akasema kwa huyu mtoto hawezi kuapa, lakini kuzitumia hivyo kila siku kunaleta hatari hiyo hiyo, na faida hakuna.

Musyimi alipofika nikamwachia mtoto, nikaenda nyumbani kuchukua nguo. Nikapitia kwa Nzisa. Nilitaka kumwonya, maskini, nikidhani hajui.

Nilimkuta uani akimwogesha Kivuva wake. Kwa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mama Ndunge, hukusema unakuja."

Nikamuuliza ile yetu iko wapi.

"Hii ngozi ya Kivuva haiiwezi. Ilimtoa vipele akiwa mdogo, nikaacha."

Kivuva ana miaka minne. Wakati huo Ndunge hakuwa hata tumboni.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila mtoto na ngozi yake," akasema. Akaendelea kummwagia maji. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nilisahau nguo. Nilirudi hospitali mikono mitupu.

Jumapili, 9 Machi

Homa imeshuka. Ndunge amekunywa uji.

Baada ya ibada akina mama wa kanisa wamekuja kutuombea. Nzisa pia, na kitenge kipya. Ndiye ameomba kwa muda mrefu zaidi. Amelia machozi ya kweli, nimeyaona, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Walipokuwa wanatoka, Ndila, ambaye atajifungua mwezi ujao, akanigeukia. Nzisa amemwahidi sabuni za mtoto. "Wewe umezitumia, Mama Ndunge. Ni nzuri?"

Nzisa akanishika mkono, akaubana. Nikasema nimlaze mtoto kwanza.

Ndunge amelala sasa. Wengine wameshaenda. Ndila bado ananingoja kwenye benchi pale nje, na Nzisa amekaa karibu naye, amemwekea mkono begani.