Bado Umelala Kibandani

Kaka Eli,

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata Mama. Jumapili nilikuona. Unapumua.

Nisikilize kwanza, usicheke. Mama alikuwa nje na watu wa ndizi, mimi nikaingia chumbani kwako. Nikaondoa kile kitenge alichofunikia kompyuta siku tuliyokuzika. Tangu siku hiyo sikuwa nimeigusa. Nilitaka tu kusikia muziki wa mwanzo wa gemu letu, basi, nizime. Kidole kikabonyeza jina langu kabla sijafikiri. Nikatokea humo kwenye gemu, mlangoni mwa kibanda chetu, mvua inanyesha, na ndani, kando ya moto uliozimika, umelala wewe. Koti lako jekundu. Kifua kinapanda, kinashuka.

Nilipiga kelele, Kaka. Mimi! Mama akauliza, "Kuna nini huko?" Nikajibu, "Panya."

Nilikuwa nimesahau. Nilisahauje? Tulikuwa tunacheza kwa zamu kwa sababu kompyuta ni moja, na ambaye si zamu yake, mwili wake unabaki pale pale umelala, unaona njaa kama kawaida, mpaka arudi. Ulikuwa unakaa kitandani nyuma yangu unanisumbua: "We bubu wangu, nilishe basi! Nife na nyama ipo?" Nikikupa, unasema, "Asante, mama mzazi," nacheka mpaka napotea njia, fisi wananila.

Safari hii niliangalia kwanza kipimo chako cha njaa. Chakula mwilini mwako kilikuwa kimebaki kidogo sana. Kompyuta ikizimwa, dunia ile inasimama. Ikiwashwa tu, unaanza kuisha. Nikatoka mbio kutafuta nyama. Hata kurusha mkuki nimesahau, Kaka, nikatumbukia mtoni. Niliporudi nikakulisha, nikakunywesha, nikawasha moto. Wiki nzima nafanya hivyo kila Mama akitoka.

Najua. Kaburi lako liko hapo nyuma kwenye migomba, nalitazama sasa hivi dirishani. Nilitupa udongo kwa mkono wangu. Pikipiki uliyopata nayo ajali niliiona pale barabarani Maji ya Chai, ilivyokuwa. Najua kabisa. Lakini kifua kinapanda, na mimi siwezi kuzima mpaka uwe umeshiba.

Sasa sikia. Kesho ukoo unakuja kugawa nguo zako. Mama ameshazikunja. Jana Baba Mdogo alipita kuangalia, akaigonga kompyuta kwa kidole kama anachagua tikiti maji. "Hiki nacho kiwekwe na nguo," akasema. "Apewe Joshua kule Nduruma, kijana anasoma. Ataifuta yote hiyo michezo, aweke vitu vya maana."

Mama akasema, "Sawa, shemeji."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Vikombe vikagongana. Baba Mdogo akacheka: "Huyu naye, utafikiri kaona chui!" Nikamimina chai. Hicho ndicho nilichofanya, Kaka. Nilimimina chai.

Ataifuta! Amesema kama mtu anayefuta vumbi.

Unanijua. Shuleni najibu kwa Kiingereza kwa sababu jibu nimelikariri. Mbele ya wazee lugha zote mbili zinanikimbia. Nitaanzaje? Shikamooni, samahani, msichukue hiyo, kaka yangu anapumua humo ndani? Watanipeleka kuombewa. Labda hata mimi ningempeleka mtu wa hivyo kuombewa.

Nasikia ndala za Mama barazani. Tangu nianze barua hii, kila nikizisikia nafunika karatasi kwa daftari la Biolojia. Amepita jikoni. Anakuja huku.

Leo sifuniki. Asome. Akimaliza nitamkalisha kwenye kiti chako, niwashe, aone mwenyewe. Sijui atalia au atanipiga kofi. Na kesho, kabla nguo ya kwanza haijanyanyuliwa, nitasimama niseme, hata sauti ikitoka kama ya kifaranga. Nakuahidi, Kaka. Ikifika siku ya kuacha moto ule uzimike, tutauacha mimi na Mama, tumekaa karibu yako, tunakutazama. Hutakuja kufutwa na mtu ambaye hata hajui kama upo.

Kwaheri, ndugu yangu. Mlango unafunguka, na mkono wangu nimeuondoa juu ya karatasi.