Maji ya Kisima na Meno ya Mtoto

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Busia tu wazima. Nyanya yako anaanika mtama na anakusalimu. Umeuliza kama maji ya kisima chenu huko Nakuru yatamfaa mwanao ukiyachemsha sana. Tangu uulize hivyo sijatulia.

Nilipokuwa karani mgeni Malaba, bosi alitazama meno yangu ya kahawia akasema, "Kijana, wewe na mswaki mmegombana?" Wenzangu walicheka. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeyasugua kwa mkaa hadi ufizi ukatoa damu.

Daktari wa meno aliniuliza, "Utotoni ulikunywa maji gani?"

"Ya kisima, kule Tororo."

"Basi acha kujiumiza. Hiyo ni floraidi, madini ya kwenye mawe yanayoingia majini. Kidogo hulinda meno. Ikizidi huyaharibu yakiwa bado ndani ya ufizi."

Kuchemsha hakuiondoi, mama. Maji hupungua, floraidi hubaki. Peleka maji yapimwe. Kwa sasa mchemshie mtoto ya mvua, kwa maana meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, usikoyaona.

Mimi hadi leo nikicheka naziba mdomo. Yeye asilazimike.

Babu yako,
Wandera