Siku Tuliyozima Moto kwa Ajili ya Wageni

Buyenzi, Avenue ya 19,
Bujumbura.

Tarehe 21 Septemba 2025.

Mpendwa Mjomba Yahaya,

Assalamu aleikum warahmatullah. Namwomba Mungu barua hii ikufikie huko Kigoma ukiwa umeamka salama, wewe na mkaza mjomba na watoto. Je, mguu wako umepoa? Bibi ananiuliza kila mara kama bado unachechemea, nami humjibu kwamba unatembea vizuri, ingawa sijui. Macho yake yamepungua sana, lakini bado anamtambua mtu kwa hatua zake. Mama hana homa wala malaria, ila chakula hakimpiti.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Mama ameshika simu mara nyingi akairudisha mezani. Nami unanijua, kwenye simu maneno huniishia hata kabla ya salamu. Kwenye karatasi naweza kukata neno na kuandika jingine.

Mjomba, ulipopiga miezi michache iliyopita, baada ya sabuni tulizokutumia uuze dukani kukataliwa mpakani, ulimwambia Mama: "Dada Khadidja, mnachukua sabuni ya watu mnapiga mhuri wenu, mimi mnaniweka wapi mbele ya wateja wangu?" Mama alikata simu. Nadhani ulielewa kwamba amekata kwa sababu ni kweli. Si kweli. Alikata kwa sababu alianza kulia, na hakutaka mdogo wake amsikie.

Hukupata nafasi ya kufika Ruziba kuliona banda letu la sabuni, kwa hiyo nikueleze. Mafuta ya mawese yanatoka Rumonge kwa wanawake wanaoyakamua, na gari linayashusha pale barabarani. Mpishi ni Médiatrice, yule mama mrefu aliyekuletea ndizi kwenye msiba wa Babu. Anayachemsha mafuta mpaka wekundu wote unakufa, na moshi wake unachoma macho hadi kwa majirani. Yakipoa anatia maji ya soda kali, ile inayounguza ngozi, anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia mpaka uji unashika. Tunamimina kwenye visanduku vya mbao, tunakata kwa waya, tunaweka kwenye rafu zikauke wiki nyingi. Kupiga mhuri na kufunga karatasi ni mwisho kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule, maana haitaki nguvu wala maneno.

Mpakani watu wa forodha walisema sabuni ni nyeupe mno. Ya mawese huwa ya manjano, walisema. Hii lazima ni ile inayokuja kwa meli ikiwa vipande vidogo, mtu anaiyeyusha na kuipa jina lake. Weupe ambao Mama alijivunia ndio uliotutia mashakani.

Nimeisoma ile kanuni ya mkataba wa biashara, na nikueleze nilivyoielewa. Ili bidhaa ipite bila ushuru kati ya nchi zetu, lazima asili yake iwe ya huku: iwe imepatikana yote huku, au imegeuzwa huku ikawa kitu kingine. Kisha kuna kazi zinazoitwa ndogo: kuosha, kuchambua, kukata, kuchanganya tu, kufunga, kubandika jina. Hizo hazihesabiki. Ukileta sabuni ya mbali ukaifunga vizuri kuliko watu wote, itabaki kuwa ya mbali. Mjomba, mimi sioni ubaya katika kanuni hiyo. Ingekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu.

Basi wakasema watakuja wakaguzi wawili, mwanamume na mwanamke, kuona kama kweli tunapika. Wakatutajia siku. Hapo ndipo tulipojimaliza wenyewe.

Unamjua Mama na wageni. Moto ulizimwa siku mbili kabla ili moshi utoke kwenye kuta. Tulisugua sakafu kwa mchanga na majivu. Mafuta yaliyobaki yalipelekwa kwa jirani kwa sababu ya harufu. Mapipa meusi ya kupikia yakaviringishwa nyuma kwenye migomba. Rafu zikatandikwa vitambaa vya Bibi vyenye maua, na juu yake tukapanga sabuni zilizokwisha kufungwa.

Médiatrice alisimama mlangoni akicheka. "Mama Mwantum, ni kontrole inakuja ao ni harusi?"

"Mugeni hapokelewi na moshi," Mama akamjibu. "We nenda ukaoge."

"Mi nikioga hii rangi ya mawese ikatoka, mume wangu atanifukuza. Atasema huyu mutu simujui."

Tulicheka sote. Mama alimpa gauni lake la Idi lenye mikono mirefu, ili yale makovu ya soda yasiwatishe wageni.

Walipofika walikuta wanawake saba wamepambwa, pilau inanukia, na meza ambayo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunafunga sabuni kwenye karatasi. Mama alitaka waione kazi iliyo safi. Kwetu mgeni haonyeshwi jiko, anaonyeshwa sebule.

Yule mwanamume alizunguka akigusa rafu. Akauliza kwa upole, "Mnapikia wapi?"

Mama akasema, "Karibuni mukae kwanza, murefushe miguu."

Aliuliza tena baada ya kinywaji, na tena. Kila mara Mama aliongeza kitu kwenye sahani yake. Niliona yule mkaguzi anatazamana na mwenzake, nikajua wanachofikiri. Mjomba, mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono, nilisimama mbele ya watu wazima nikasema, "Mapipa yako kwenye migomba. Njooni niwaonyeshe."

Mama alinikazia macho. "We mutoto, wageni wanakula!"

Lakini walikwisha inuka. Niliwapeleka nyuma ya banda. Pipa la kwanza, lile la kuchemshia mafuta, lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, limejaa maji, na ndani yake zinaelea chupa za Fanta zilizowekwa zipoe. La pili lilikuwa limepinduliwa, na juu yake limekaa sinia la ndizi za kukaanga.

"Hili ndilo linalopika sabuni?" mwanamume akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akaopoa Fanta moja, akaikung'uta maji, akasema, "Basi ni sabuni tamu." Hakusema kwa ubaya. Hata mimi nilitaka kucheka, na nilitaka ardhi ifunguke.

Médiatrice alikuja nyuma yetu akapandisha mikono ya lile gauni la Idi mpaka kwenye viwiko. "Musiye, tazama. Hii ni soda. Na hii ni soda. Hii ya hapa ni siku ile uji ulipasuka."

Yule mwanamume alimtazama kwa heshima kabisa. "Mama, hata mke wangu ana kovu la chai. Siwezi kuandika kovu."

Yule mwanamke ndiye aliyetuhurumia. Tuliporudi ndani alimwendea Mama akamwambia, "Washeni basi moto, tuone hata mwanzo wake. Tuna muda mpaka alasiri." Nakuapia alisema hivyo. Mlango ulikuwa wazi, Mjomba. Médiatrice alikwisha geuka kwenda kuchukua mafuta kwa jirani.

Mama akamshika mkono. Akamwambia yule mwanamke, akitabasamu, "Apana, dada yangu. Nyinyi mumetoka mbali, chakula kiko mezani, halafu mi niwajaze moshi machoni? Watu watasema nini juu yangu? Kuleni. Moto upo kila siku, mutauona siku nyingine."

Alidhani yule mkaguzi anaomba kwa adabu tu, kama mgeni anayejitolea kukaa jikoni ili asimsumbue mwenyeji. Nilimvuta Mama shungi, nikamwambia sikioni kwamba wanataka kweli, hawana siku nyingine. Alinifinya. Wageni walikula, wakashukuru, wakabeba ndizi walizofungiwa, gari likaondoka. Mama alikaa kwenye mkeka akiwa amechoka na mwenye furaha. "Wamekula vizuri," akasema. "Mutu akila kwako hivyo hawezi kukuhukumu."

Hawakutuhukumu. Waliandika walichokiona: kupanga, kukunja karatasi, kupiga mhuri. Hayo yote yamo katika zile kazi ndogo. Cheti cha asili, kile kinachopitisha mzigo bila ushuru, kikafutwa, na mzigo uliokuwa mpakani ukatozwa ushuru kama umetoka ng'ambo. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana huko mpakani ndiko ulikosimama wewe ukiulizwa.

Tuliomba waje tena. Walitujibu tulete kwanza risiti za mafuta. Wanawake wa Rumonge hawana risiti, wana mitungi. Baadaye mafuta ya gari yalipotea mjini, mawese hayakufika, na rafu zikabaki tupu. Sasa hata wakija kesho hakuna cha kuwaonyesha. Médiatrice alingoja, akachoka, akaenda kulima mpunga wa mtu. Tulipoagana alimwambia Mama, "Nikipata shamba langu nitakualika, lakini siku hiyo usinipambe." Mama alijaribu kucheka.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama hajataka ulijue. Kuna mfanyabiashara anaitwa Hugues, mwenye ghala kule Zone Industrielle, penye viwanda. Alisikia kwamba kuna banda safi na wanawake wenye mikono myepesi. Analeta katoni za sabuni iliyokwisha kutengenezwa mbali, ina harufu ya maua nisiyoyajua, nasi tunaikata, tunaikunja, tunabandika jina analotaka. Anaiuza hapa hapa mjini, kwa hiyo hakuna anayeuliza asili. Mama alikubali, kwa sababu kodi ya banda haingoji. Kazi tuliyosingiziwa ndiyo tunayoifanya leo, na tunaifanya vizuri sana.

Mimi niko kwenye meza hiyo tangu asubuhi mpaka jioni. Mtihani wa mwisho nilifaulu, lakini sizungumzi habari za chuo, na wewe tafadhali usiniulize. Nyumbani tumekubaliana bila kusema.

Mama hajautaja moto tena. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye migomba, nyuma ya banda, ananusa viganja vyake. Aliponiona akasema, "Mwantum, mi niliwapokea vibaya wale watu?" Nikamwambia, "Uliwapokea vizuri, Mama." Ndiyo kweli yote, na haitusaidii.

Kwa hiyo, Mjomba, ile rafu dukani kwako uliyosema unatuwekea, mpe mtu mwingine. Usiiache tupu kwa ajili yetu. Hata ukituamini, na nakuomba utuamini, neno lako haliwezi kubadilisha kilichoandikwa. Lakini Mama anahitaji kujua kwamba humwoni mwongo. Mpigie. Usimwambie habari za sabuni, mwulize tu ameamkaje, umwite dada kama zamani. Akinyamaza usikate, ujue yupo.

Nisalimie mkaza mjomba, mwambie shungi alilonipa bado halijapauka. Msalimie binamu Musafiri na mdogo wake Orlane, waambie wasome. Jirani yetu Mzee Rénovat na wake zake wote wa Avenue ya 19, yaani mke mmoja na kuku wake, kama anavyosema mwenyewe, wanakusalimu sana. Bibi anakuombea kila baada ya swala, akikutaja kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa.

Mungu akupe afya ya mguu, riziki ya halali na usingizi mzuri, akulinde na aibu ambayo sisi tumekuletea bila kukusudia.

Barua hii inaletwa na Moubarak, anakuja kumwona binti yake aliyejifungua. Nimempa na kipande cha sabuni, cha mwisho katika zile alizopika Médiatrice. Hakina karatasi wala mhuri. Kwa mkoba wa msafiri mmoja hawaulizi kimetoka wapi. Usikiuze, Mjomba. Nawia mikono.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye hata akinyamaza,

Mwantum